Kutua Mzigo Mbele za Mungu

Wazee walinena ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake si ngumu: mtu autazamaye mzigo ulio kichwani pa mwingine huuona mwepesi kama usufi, hata ikiwa ndani yake mna mawe. Ndiyo sababu maneno haya, "Mwachie Mungu," ni mepesi sana kinywani. Husemwa mlangoni pa kanisa siku ya Jumapili, husemwa matangani, husemwa kando ya kitanda cha hospitali. Na mara nyingi aliyeyasema huenda zake nyumbani kula chakula chake cha mchana, hali yule aliyeambiwa hubaki na mzigo wake vile vile, haukupungua hata ratili moja.

Si kwamba maneno hayo ni ya uongo. Mtume Petro, alipowaandikia Wakristo waliotawanyika na kuteswa, aliwaagiza kwamba mahangaiko yao wayaweke juu ya Mungu, kwa kuwa Mungu hakuwasahau. Mwimbaji wa Zaburi ya 55, aliyesalitiwa na rafiki aliyekuwa akienda naye kuabudu, alifikia neno lilo hilo. Na Bwana Yesu mwenyewe aliwaita waliochoka wamwendee wapate raha. Basi neno lenyewe ni la kweli, tena ni la kale. Kinachopotea mara nyingi ni maana yake. Kumwachia Mungu shida ni kufanya nini hasa? Je, ni kukaa kitako na kungoja? Je, ni kukausha machozi na kujifanya kana kwamba hakuna lililotokea? Ama ni jambo jingine?

Kutua si kutupa

Zamani za misafara, mpagazi aliyechukua pembe au mtumba wa nguo hakuweza kujitwika peke yake mzigo uliokuwa mzito. Alihitaji mwenzake wa kumtwika, na jioni alihitaji mwenzake wa kumtua. Alipofika kambini, alitua. Hakuutupa mzigo porini, maana ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe angeuliza habari zake. Wala hakusimama nao kichwani usiku kucha ili aonekane hodari. Aliutua mbele ya mkuu wa msafara, akaenda kuteka maji, akawasha moto, akapika chakula chake. Kesho yake kazi ya njia ilikuwa ikimngoja.

Wako watu watupao mzigo, nao husema wameutua. Mkulima ambaye ng'ombe wake wameanza kukohoa, naye asimwite bwana wa mifugo bali aseme kwamba amewaacha mikononi mwa Mungu, huyo hakutua mzigo, ameutupa. Karani aliyekopa dukani, na kila mwisho wa mwezi hupita njia ya nyuma ili mwenye duka asimwone, huku akiomba Mungu amwondolee deni lake, naye hakutua. Ameuhamisha mzigo kutoka kichwani pake na kuuweka kichwani pa mwenye duka. Na baba ambaye mtoto wake ana homa kwa siku ya tatu, na zahanati iko mwendo wa saa moja, hana ruhusa ya kusema "Mungu anajua" kisha akajilaza. Ni kweli Mungu anajua. Anajua pia kwamba zahanati iko pale, na kwamba baba ana miguu.

Tena wako wengine ambao husema wametua, kumbe mzigo ungali kichwani. Mtu aliyegombana na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba husimama mbele ya watu na kusema amemwachia Mungu. Lakini usiku huupima upya mpaka ule kwa mawazo yake, hatua kwa hatua, na mchana hukataa kumsalimu ndugu yake wanapokutana mtoni. Mwingine husali pamoja na jamaa yake jioni, na giza likiisha kuingia hunyemelea kwenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyemroga. Watu wa namna hiyo ni kama mkulima apandaye mahindi, kisha kila asubuhi huifukua mbegu ili atazame kama imeota. Mbegu ile haitaota, wala si kosa la udongo.

Basi kuna kutupa, kuna kung'ang'ania, na kuna kutua. Tofauti ya mambo hayo matatu haifahamiki vizuri kwa maneno matupu. Hufahamika zaidi kwa kuwatazama watu waliopita humo. Na katika nchi ya Kenya hapana haja ya kwenda mbali kuwatafuta.

Kaburi ng'ambo ya Mombasa

Upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, liko kaburi la mwanamke mmoja aliyeitwa Rosina Krapf. Alikufa mwezi wa Julai mwaka 1844. Mume wake, Dr. Johann Ludwig Krapf, alikuwa mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen huko Ujerumani, naye alitumwa Afrika na chama cha misioni cha Kanisa la Kiingereza, yaani C.M.S. Hakuja kwa nia ya kukaa Mombasa. Watu waliokuwa moyoni mwake ni Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagalla. Aliingia Uhabeshi mwaka 1837, akakaa katika nchi ya Shoa, akaondoka mwaka 1842, na alipotaka kurudi huko alizuiwa njia. Mwaka ule ule alimwoa Rosina huko Misri. Wakajaribu pamoja kuingia Uhabeshi mara ya pili, na katika safari ile, nyikani, Rosina akazaa mtoto wa kike. Mtoto hakuishi. Wazazi wake walimpa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari maana yake ni chozi.

Mlango wa kaskazini ulipofungwa, Dr. Krapf alifikiri kwamba huenda Waoromo wakafikiwa kwa upande wa kusini. Ndipo aliposafiri kwa chombo pamoja na mkewe, wakaifuata pwani mpaka Unguja, wakafika Januari 1844. Seyyid Said alimpokea vizuri, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei wakawa wamehamia Mombasa. Mwezi wa Juni Dr. Krapf alianza, akisaidiwa na kadhi wa mji, kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Ikaonekana kwamba mambo yameanza kunyoka.

Ndipo ilipokuja homa. Siku zile hakuna mtu aliyejua kwamba homa ya pwani huletwa na mbu, wala hapakuwa na chandarua cha kujikinga kwa sababu hiyo. Dr. Krapf aliugua kwanza. Mwanzo wa Julai Rosina alijifungua mtoto wa pili, wa kike kama yule wa kwanza, na baada ya siku chache naye akashikwa na homa. Mume na mke walilala wagonjwa pamoja. Rosina akafa, na mtoto wake mchanga akamfuata mwezi ule ule. Kabla ya kufa alikuwa ameomba azikwe bara, si kisiwani, mahali ambapo wapitao njia wangeliona kaburi lake na kukumbuka jambo lililomleta. Mume wake alikuwa dhaifu hata ilikuwa taabu kwake kuifuata maiti ya mkewe mpaka kaburini.

Aliyoyaacha na aliyoyashika

Hapa yafaa msomaji asimame kidogo. Mtu huyu alikuwa ameiacha nyumba ya baba yake kwa ajili ya Mungu. Katika muda usiofika miaka miwili alikuwa ameoa, amezika watoto wawili, amemzika na mke wake, na nchi aliyoitamani ilikuwa imefungwa mbele yake. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kurudi kwao, ni yeye. Wala hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini alipopata nguvu za kushika kalamu, aliwaandikia wakubwa wake Ulaya. Hakuificha huzuni yake. Aliwaarifu kwamba sasa liko kaburi la peke yake katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ila hakulihesabu kuwa mwisho wa kazi, bali alilihesabu kuwa dalili kwamba kazi imeanza. Kisha akairudia tafsiri yake, na yale maneno ya Kiswahili aliyokuwa akiyakusanya moja moja na kuyaandika.

Ni vema kuangalia sana ni kitu gani alichokitua na ni kitu gani alichoendelea kukishika. Hakuitua kazi. Hakuitua huzuni pia, maana huzuni ya mtu aliyefiwa haiondoki kwa amri. Alichokitua ni mwisho wa mambo: kwamba kazi itafanikiwa au haitafanikiwa, itafanikiwa lini, na kwa mkono wa nani. Hayo hayakuwa yake. Kaburi hakuwa na uwezo wa kulifungua. Lakini neno moja la Kiswahili aliweza kuliandika leo, na jingine kesho.

Wala asidhani mtu kwamba Dr. Krapf aliutua mzigo wake mara moja akamaliza. Alikuwa mtu mwenye haraka, na mipango yake ilikuwa mikubwa. Alitamani kuona vituo vya misioni vikipangwa kama mnyororo toka pwani ya mashariki ya Afrika mpaka pwani ya magharibi. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliyewasili mwaka 1846, aliona afadhali kukaa mahali pamoja na kulima shamba moja vizuri. Wakahitilafiana juu ya jambo hilo, ingawa wote wawili walikuwa watu wa sala. Yaonyesha kwamba mtu aweza kumpa Mungu mali yake, na afya yake, na hata jamaa yake, na bado akaona ni vigumu kumpa mpango wake mwenyewe.

Mpango ule ulivunjika kidogo kidogo. Mwaka 1851 Dr. Krapf alisafiri kutoka Ukambani kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mkuu mashuhuri wa Wakamba. Njiani walishambuliwa, Kivoi akauawa, na Dr. Krapf akabaki peke yake porini bila chakula. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, ikambidi ajaze mkoba wa darubini yake na mitutu ya bunduki ili apate ya kunywa njiani. Alirudi Rabai akiwa hai, lakini njia ya ndani ilikuwa kama imefungwa. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kurudi Ulaya. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe, na mara hiyo pia ugonjwa ukamrudisha kwao. Waoromo hakuwafikia kama alivyotaka. Ule mnyororo wa misioni hakuuona.

Miaka 29 bila kwenda kwao

Habari za Rebmann zina fundisho jingine, nalo pengine ni gumu zaidi, kwa maana mzigo wake haukuwa msiba wa siku moja bali ulikuwa kungoja kwa muda mrefu.

Mwezi wa Agosti mwaka 1846 wamisionari hawa wawili walipanda vilima vya Rabai kuanza kituo kipya, na homa ilikuwa bado miilini mwao. Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Na Desemba 1849 Dr. Krapf, akiwa Kitui, aliuona mlima Kenya. Habari hizo zilipofika Ulaya, wako wataalamu waliozicheka. Walisema haiwezekani kuwa na theluji karibu na mstari wa ikweta, na kwamba wamisionari wale walikuwa wamedanganyika. Mtu aliyeona kwa macho yake mwenyewe akaitwa mjinga na watu ambao hawakuwahi kutoka vyumbani mwao! Karani yeyote aliyepata kusingiziwa kazini anajua jinsi jambo la namna hiyo linavyochoma. Rebmann aliyaandika aliyoyaona, akayaacha hapo, akaendelea na kazi yake. Miaka ikapita, wengine wakaupanda mlima, na theluji ikakutwa pale pale aliposema.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa karibu na kufa, naye alibatizwa mwaka 1851. Baada yake walifuata wachache sana. Wamisionari wengine walikuja wakafa kwa homa, wengine wakaugua wakarudi kwao. Krapf akaondoka. Mtoto wa Rebmann alikufa angali mchanga, na mkewe, Emma, akafa mwaka 1866. Vita vya Wamasai vilimlazimisha Rebmann kukimbia Rabai kwa muda, vilipotulia akarudi. Alikaa Afrika ya Mashariki miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja, na mwisho macho yake yakaingia giza. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, akiongozwa njiani na kijana Mkristo wa Rabai. Alikufa mwaka uliofuata katika mji wa Korntal, nchini kwao.

Wazee husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Rebmann alikufa macho. Lakini kati ya kazi alizoziacha ilikuwamo kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, aliyojifunza Rabai kwa mtu aliyekuwa ametekwa utumwani akaletwa pwani. Kamusi hiyo ilichapwa mwaka 1877, na aliyeitengeneza mpaka ikachapwa ni Dr. Krapf, yule yule ambaye zamani walihitilafiana.

Watu husema ya kuwa amwachiaye Mungu hufanikiwa. Neno hilo lahitaji kusemwa kwa uangalifu. Ni kweli kwamba kamusi ya Kiswahili ya Dr. Krapf ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ni kweli pia kwamba miaka 30 hivi baada ya Rosina kuzikwa, upande ule ule wa bara, C.M.S. ilianzisha Freretown, makao ya watu waliookolewa katika vyombo vya watumwa. Lakini Rosina hakuliona hata moja la hayo. Mringe hakuliona. Mtu akimtua Mungu mzigo kwa kutazamia malipo ya mwezi ujao, bado anafanya biashara; na malipo yakichelewa atakwenda kuudai mzigo wake. Watu wale walimwachia Mungu kwa sababu walimjua ni nani, ingawa hawakujua atafanya nini.

Bwana mwenyewe aliomba mara tatu

Wakristo wengine hudhani kwamba kumwachia Mungu ni kunyamaza, na kwamba aliaye au aombaye kuondolewa shida yake amepungukiwa na imani. Injili haifundishi hivyo. Usiku ule katika bustani ya Gethsemane Bwana Yesu hakuficha uchungu wake. Aliwaambia rafiki zake jinsi roho yake ilivyokuwa na huzuni, akawataka wakeshe pamoja naye. Aliomba kikombe kile kimwepuke, wala hakuomba mara moja tu. Mathayo aeleza kwamba alikwenda akaomba mara tatu. Kisha akayaweka mapenzi yake chini ya mapenzi ya Baba yake. Na alipokwisha kuomba hakulala usingizi. Aliwaamsha wanafunzi wake, akaenda kuwakabili waliokuja kumshika.

Mtume Paulo naye alikuwa na mwiba mwilini mwake. Aliomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Alichopewa ni neema ya kutosha kuendelea na safari akiwa na mwiba wake. Kwa hiyo kuomba ni halali, kulia ni halali, na kuuliza kwa nini ni halali. Zaburi zimejaa maswali hayo. Jambo lililo muhimu ni kwamba maswali hayo yapelekwe kwa Mungu mwenyewe, yasizungushwe moyoni usiku kucha, wala kumwagwa kilabuni juu ya pombe.

Namna ya kutua

Basi mwenye mzigo afanyeje? Jambo la kwanza ni kuutaja. Wako watu waombao kila siku kwa maneno ya jumla, wakimsihi Mungu abariki nyumba na kuondoa taabu, nao hawataji kamwe ni taabu ipi. Mwenye deni amwambie Mungu ni shilingi ngapi, na jinsi zilivyopotea. Mwenye chuki amtaje yule amchukiaye kwa jina lake. Mlevi aseme kwamba ni mlevi. Mzigo usiotajwa hautuliki, maana mwenyewe bado anauficha chini ya nguo.

Jambo la pili ni kuugawanya. Karani ajua kupiga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja na aandike yaliyo kazi yake. Upande wa pili yaliyo ya Mungu. Mkulima aweza kulima mapema, kuchagua mbegu njema, na kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Mvua si yake. Mzazi aweza kumlea mtoto, kumpeleka shule na kumwonya. Moyo wa mtoto si wake. Aliyekosana na ndugu yake aweza kwenda kumwomba radhi, na kuwaita wazee waupime mpaka mchana mbele ya wote. Kwamba ndugu yake atakubali au atakataa, hilo si lake. Watu wengi wamechoka kwa sababu wanauchukua upande wa Mungu na kuuacha upande wao. Hukesha wakiisumbukia mvua, na jembe limelala nyuma ya nyumba.

Jambo la tatu ni kuuanza upande ule ulio wake siku ile ile, hata ikiwa ni jambo dogo. Mwenye deni na aende dukani kwa mlango wa mbele, aseme alicho nacho na atakachoweza kulipa kila mwezi. Itamwia aibu, lakini aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko hofu ya mwaka mzima.

Jambo la nne ni kwamba mtu asitue peke yake. Kama mpagazi alivyohitaji mwenzake wa kumtua, ndivyo ilivyo kwa Mkristo. Na Paulo aliwaagiza Wagalatia kuchukuliana mizigo. Na hapa neno lawarudia wale wasemao "Mwachie Mungu" kisha wakaenda zao. Asemaye hivyo matangani na abaki kidogo. Na alete kibaba cha unga, achanje kuni, amchukue mtoto mmoja wa mfiwa akalale kwake siku mbili. Na akae naye kimya, kama hana la kusema. Hapo neno lake litakuwa na mikono, na mwenye mzigo ataweza kuliamini.

Na jambo la mwisho ni kurudi kesho. Mzigo uliotuliwa jioni mara nyingi huonekana umerudi kichwani asubuhi. Mtu asivunjike moyo kwa hayo, wala asidhani kwamba sala ya jana ilikuwa bure. Mpagazi alitua kila jioni, kambi kwa kambi, hata akafika pwani.

Dr. Krapf aliishi miaka 37 baada ya kumzika Rosina. Aliimaliza safari yake huko Korntal, mji ule ule alikofia Rebmann, mwezi wa Novemba mwaka 1881. Jioni aliingia chumbani mwake kama desturi yake. Asubuhi walipomwendea, walimkuta kando ya kitanda chake, amepiga magoti, amekwisha kufa. Mzee yule wa miaka 71 alikuwa bado anatua.